Majibu ya Vifua vya Watoto wa Mwakirunge

Leo nimeulizwa swali mbele ya watu, nikakosa pa kuuweka uso.

Tulikuwa Mwakirunge, huku Kisauni, chuo chetu kikiwaeleza wakaazi utafiti wa moshi wa jaa la taka na vifua vya watoto. Msemaji ni mimi. Nikamaliza, nikapigiwa makofi.

Akasimama Mama Kadzo, anayeokota chupa palepale jaani.

"Mwanangu, mwaka jana ulimpulizisha Kadzo wangu kile kimashine cha kupimia pumzi. Kifua chake kikoje?"



Majibu ya kila mtoto ninayo kwenye kompyuta yangu. Mzazi hata mmoja sijampelekea!

Mwalimu wangu akaninong'oneza niseme ripoti bado inaandikwa.

Wallahi, sikuweza.

"Nisamehe, mama. Kesho asubuhi nitakuja kwako na majibu ya Kadzo. Kisha nyumba ya pili, mpaka nizimalize zote."

"Usipokuja, nitakufuata hukohuko chuoni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nimeshayachapisha majibu yote, kila mtoto na bahasha yake. Kuna muuguzi mmoja tu wa kuwaeleza wazazi, na nyumba ni nyingi.

Wewe muuguzi uliye Kisauni, kesho una nafasi? Niandikie hapa chini.