Salama Alingoja Kuulizwa Tena

Magarama yote, mtaa wa Waswahili pale mjini Gitega, kuanzia msikitini mpaka kule maduka yanapoishia, hakukuwa na mtoto mwenye adabu kama Salama binti Othmani, na adabu hiyo ilikuwa kazi ya mama yake, Zaituni, fundi wa cherehani. Zaituni alimlea kwa sheria ambayo watu wa mjini wa zamani waliijua tangu utotoni. Ukikaribishwa kwa watu unashukuru, unasema umeshiba. Wakikukaribisha tena, bado umeshiba. Mara ya tatu ndipo unanawa mikono, unakula kidogo na unabakiza kidogo. Mtoto anayerukia sinia mara ya kwanza anamvua nguo mama yake mbele za watu. Salama alisahau siku moja tu, siku ya Idi, alipokuwa na miaka minne, nyumbani kwa jirani yao Fatouma. Zaituni alimfinya paja chini ya kanga huku akiendelea kucheka na wenyeji. Hakusahau tena.

Zaituni mwenyewe alikuwa na sheria nyingine, na hiyo alijiwekea peke yake. Vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu, mumewe Othmani alihamishia biashara yake Muyinga, karibu na njia ya Tanzania, akasema ni kwa miezi michache mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia. Mwaka uliofuata dereva mmoja alileta habari kwamba Othmani ameoa kulekule. Zaituni hakulia mbele ya mtu. Alikusanya makobazi, kanzu na bakora ya mumewe, akapeleka msikitini wapewe wasio nacho, kisha akala kiapo kwamba mdomo wake hautamwomba Othmani kitu, hata maji ya kunywa. Jina lenyewe likatoka nyumbani pamoja na zile nguo. Salama alikuwa na miaka sita, na hakuhitaji kuelezwa. Aliacha kulitaja.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane miguu ya Salama ilianza kuvimba. Akawa anapumzika mara mbili kabla ya kufika kisimani. Hospitalini daktari alimwambia Zaituni kwamba milango ya moyo wa mtoto imeharibika, kwamba kazi ya kuitengeneza inafanywa Ulaya, na kwamba hapa watampa dawa za kupunguza maji mwilini. Zaituni aliuliza hizo dawa zitamponya lini. Daktari alitazama karatasi zake, akasema zitamsaidia.

Zaituni akafunika cherehani kwa shuka, akaiacha kwa Fatouma, akawa murwaza, ndivyo wanavyoitwa wale wanaolala hospitalini na mgonjwa wao. Alitandika mkeka chini ya kitanda, akapika maharage nyuma ya wodi pamoja na wanawake wa milimani ambao hawakujua neno la Kiswahili. Yeye Kirundi alikijua vizuri, ila alikuwa mtu wa mjini, na kwenye mafiga yale alikaa pembeni na sufuria yake. Siku zikapita hivyo, wiki kwa wiki.

Hamissi, aliyeendesha lori la maharage kati ya Gitega na Muyinga, alipita kumsalimu mgonjwa. Alipokuwa anaondoka akamwuliza Zaituni taratibu kama amwambie mwenyewe kule Muyinga. Zaituni akamjibu kwamba siku atakayofungua mdomo, asikanyage tena kibaraza chake. Hamissi alimjua Zaituni vizuri. Akanyamaza miezi minane.

Mwezi wa kumi wakaja watu wa asosiasiyo, shirika moja la kutoka Ulaya. Walikuwa Madamu mmoja Mzungu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na muuguzi Mrundi aliyeitwa Marceline, aliyemtafsiria. Walikuwa na gari jeupe lenye bendera. Kazi yao ilikuwa ngeni kwa kila mtu. Hawakuleta dawa wala unga. Walipita kitanda kwa kitanda kwa wale watoto ambao madaktari wamefika mwisho wa ujuzi wao, wakamwuliza kila mmoja kitu kimoja anachokitamani kuliko vyote, wakaandika, kisha wakaenda kukitafuta. Wanawake wa mafigani walinong'ona kwamba haiwezekani, mtu hatoki kwao mbali hivyo kuja kuuliza watoto wanatamani nini.

Msichana mmoja wa Itaba, Providence, alisema bila kupumua kwamba anataka mbuzi jike mwenye mimba. Madamu alicheka, akaandika mbuzi.

Wakafika kwa Salama. Marceline akainama, akamwuliza kwa Kiswahili kizuri.

"Salama, ungepewa kitu kimoja tu, chochote kile, ungetaka nini?"

Salama alimtazama mama yake, akashusha macho.

"Asante. Mi sina shida na kitu."

Marceline akatafsiri. Madamu alingoja kidogo, kalamu hewani, kisha akatikisa kichwa kwa upole na kuchora mstari mbele ya jina. Vitanda vilibaki kumi na kimoja, na bareri, vile vizuizi vya askari barabarani, zilikuwa zinafungwa saa kumi. Wakasogea.

Zaituni, siku ile, alijiona amerefuka. Wenzake walikuwa wametaja mbuzi, baiskeli, gauni, redio, na mwanawe amejibu kama binti wa watu. Alimpangusa uso kwa kitambaa, akamwambia amefanya vizuri.

Wiki mbili baadaye gari likarudi na vitu. Mbuzi wa Providence aliletwa mpaka dirishani ili mwenyewe amwone kabla hajapelekwa Itaba, na kabla mtu hajamzuia akawa ametafuna pindo la kanga iliyoanikwa. Wodi nzima ilicheka. Salama alicheka mpaka kifua kikambana, ikabidi aketishwe. Yeye alipewa sabuni na mwanasesere, kama wote waliochorewa mstari. Alasiri gari likaondoka. Lilikuwa linakwenda Muyinga, litakaa huko mpaka Alhamisi, lipite tena Gitega na kuteremka Bujumbura, Madamu arudi kwao.

Mwanasesere alilazwa kwenye mto. Salama hakumgusa.

"Mama, Madamu atarudi kuniuliza lini?"

Zaituni alikuwa anashona kifungo. Akauliza kumwuliza nini.

"Mara ya pili," alisema mtoto.

Sindano ikasimama. Ilimchukua muda Zaituni kuelewa, na alipoelewa alihisi amefinywa yeye. Mtoto alikuwa amekataa mara ya kwanza kama alivyofundishwa, na tangu siku ile amelala pale wiki mbili akingoja mara mbili zilizobaki.

"We ulikuwa unataka kitu?"

"Hapana, mama."

"Salama, niambie. Ulikuwa unataka nini?"

"Hapana. Basi tu."

Zaituni akaweka shati chini, akamshika mkono. "Mwanangu, unataka nini?"

Salama aligeukia ukutani. "Baba aje. Tule sote watatu kwenye sinia moja."

Tangu saa ile Zaituni hakuwa na amani. Kumtuma Hamissi na neno kulikuwa rahisi, lakini alijua Othmani asingeliamini. Miaka minne alikuwa akisikia kwamba Zaituni hataki hata jina lake. Tena Othmani alikuwa mwoga wa njia. Lori lililobeba mali yake lilichomwa moto upande wa Karuzi mwaka uliopita, na tangu hapo hakuwahi kutoka Muyinga. Gari la bendera labda angelipanda. Lakini nani amwombe Madamu gari, na nani amwombe Othmani? Kila alipoligeuza swali hilo lilimrudia yeye mwenyewe.

Jumanne alfajiri alipanda lori la Hamissi, Fatouma akabaki na mtoto. Waliondoka na msafara, askari mbele na nyuma, magari yakifukuzana kwenye vumbi, na kila palipokuwa na bonde jembamba Hamissi alikaza mwendo. Zaituni alikaa juu ya magunia, mtandio umefungwa mdomoni, akikariri atakachosema. Maneno yenyewe yalikuwa mawili au matatu. Hakuwahi kuyasema kwa mtu yeyote.

Muyinga walifika adhuhuri imepita. Wageni walikuwa wamepanga kwenye nyumba ya vyumba vinne nyuma ya sokoni. Marceline alimkuta amesimama mlangoni, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akamtambua kwa shida. Alipoelezwa, alisikitika, akasema orodha imefungwa, na mafuta kwa siku hizi za vikwazo vya nchi jirani yamepimwa kwa kijiko.

"Na Mama, mi nilimwuliza mtoto. Akasema hana shida."

"Ulimwuliza mara moja," Zaituni alisema.

Marceline naye alikuwa mtoto wa nchi hii, alilelewa hivyohivyo, na siku ile haraka ilikuwa imemsahaulisha. Alishika paji la uso. Kisha akamwita Madamu.

Zaituni hakungoja kutafsiriwa. Alimtazama yule mwanamke Mzungu machoni, jambo ambalo pia hakuwahi kulifanya, akasema, "Naomba." Akaona halikutoka vizuri, akalirudia. "Mi naomba. Si kwa ajili yangu."

Madamu alikuwa na maneno machache ya Kiswahili, na hilo lilikuwa mojawapo. Waliongea na Marceline kwa Kifaransa, kwa kirefu. Mwisho jibu likaja: Alhamisi asubuhi wanarudi Gitega na msafara, zipo nafasi mbili nyuma. Lakini baba hatabebwa kama mzigo. Aulizwe, akubali mwenyewe.

Othmani alikuwa anauza masufuria na mikeka ya Tanzania. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeanza kuota mvi. Mkewe wa Muyinga, mwanamke mdogo mwenye mtoto mgongoni, alimwona Zaituni kwanza, akaokota kapu lake na kuondoka bila neno. Othmani alidhani amekuja kugomba. Alipangusa kigoda kwa mkono.

"Karibu chai, Mama Salama."

"Nimekunywa."

"Kunywa. Umetoka mbali, we mtu."

"Salama iko hospitali," Zaituni alisema. "Anaumwa moyo. Hatapona. Anataka uje mle naye."

Othmani alibaki na birika mkononi. Aliuliza tangu lini. Zaituni akasema tangu mwezi wa pili. Othmani akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, na vidole vikafika vinane.

"Hamissi anapita hapa kila wiki. Anakunywa chai yangu hapa. Nani alisema nisiambiwe?"

Zaituni angeweza kuitaja njia, au vita, au yule mwanamke mwenye kapu. Majibu yote yalikuwepo.

"Mimi," alisema.

Mteja alifika akauliza bei ya sufuria, hakuna aliyemjibu, akaenda zake. Halafu Othmani akaanza kuteremsha masufuria, akiyapanga moja ndani ya jingine, na Zaituni akaelewa kwamba anafunga duka.

Alhamisi saa nane mchana walikuwa Gitega. Njia nzima walikaa kiti kimoja cha nyuma, kati yao mkoba wa Othmani. Wala ndani ya wodi hakukuwa na vilio. Othmani alisimama miguuni mwa kitanda, akasema, "Eh, umekuwa mrefu," na Salama, aliyekuwa hawezi hata kusimama, akasema ndiyo.

Fatouma alileta pilau kwa sinia kichwani kutoka Magarama, ameifunika kwa kawa. Waliiweka kitandani. Othmani alimnawisha mtoto, akamfinyangia matonge madogo. Zaituni alibaki dirishani.

"Njoo ule," Othmani alimwambia.

"Kuleni. Nimeshiba."

Othmani aliinamia sinia na hakusema tena. Ni Salama aliyeinua kichwa.

"Mama, karibu."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Mama, karibu chakula."

Akanawa mikono, akakaa. Salama alikula matonge manne. Zaituni aliyahesabu.

Othmani alilala siku mbili kwenye veranda ya wodi, akarudi Muyinga na Hamissi. Salama alifariki kwenye Ramadhani, siku ya tisa, kabla ya futari. Njia ilikuwa imefungwa wiki ile. Othmani alifika siku ya nne, akasoma dua kaburini, akakaa barazani na wanaume mpaka jioni, akaondoka na msafara wa kesho yake. Hakurudi tena, na Zaituni hakumlaumu. Cherehani ilirudi mahali pake.

Watu wa asosiasiyo walirudi mwaka uliofuata na mwingine baada ya huo, vita vikiendelea. Marceline alikuja Magarama kumtafuta. Alimwambia kwamba watoto wengi bado wanasema hawana shida, na yeye na Madamu siku zote wako mbioni. Zaituni akajifunga mtandio, akaenda. Kila walipokuja alikwenda. Wenyewe wakishapita, yeye alibaki nyuma kwa wale waliochorewa mstari, akaketi kitandani, akauliza kwa Kirundi au kwa Kiswahili, akanyamaza, akauliza tena, akanyamaza, akauliza tena. Kwa njia hiyo viatu vya mpira vilipatikana, na bibi wa mmoja wao aliletwa kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani, na mtoto mmoja aliona ziwa. Wauguzi walimwita Mama Mara Tatu, naye hakupenda jina hilo, ila aliliitikia.

Jioni alirudi kwake, akawasha jiko dogo, akapika kipimo cha mtu mmoja. Sinia kubwa ilitundikwa ukutani. Fatouma, aliyekuwa na wajukuu sita wa kulisha na miguu inayomsumbua, alipita mara nyingine nje ya mlango, akaita bila kusimama.

"Mama Salama, umekula? Njoo ule na sisi."

"Nimeshakula, asante."

Kandambili za Fatouma zikasikika zikienda, zikageuka kwenye kona ya ukuta. Zaituni alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Alisimama hapo, akisikiliza kama zitarudi, mpaka chai kwenye jiko ikamwagika.