Nguzo Isiyo na Waya

Mimi ni mtu wa saruji. Kiwanja changu cha kazi kiko Karatu mjini, kando ya barabara inayopandisha magari ya watalii kwenda geti la Ngorongoro, na vumbi lao lote huishia juu ya matofali yangu. Nafyatua tofali, namimina makalavati, na bustani za loji zinanijua kwa vyungu vya maua. Wateja wabishi nimewazoea. Lakini mteja aliyenitoa jasho kuliko wote ni mama yangu mzazi, na kazi yenyewe ilikuwa nguzo za uzio.

Shamba la mama liko Ganako, na upande mmoja limepakana na njia ya ng'ombe. Siku za mnada mifugo hushuka kwa njia hiyo tangu asubuhi, kengele zinalia, wachungaji wanapiga mluzi. Uzio wa zamani ulikuwa wa miti aliyoichimbia marehemu baba. Mchwa walikwishaila yote kuanzia chini, ikawa imesimama kwa heshima tu. Mwaka jana, maharage yakiwa yameanza kutoa maua, ng'ombe mmoja aliuegemea uzio huo ukalala chini wote, na wenzake wakaingia. Mama alikuwa anasonga ugali. Akatoka mbio na mwiko mkononi, akateleza kwenye tope, akaangukia nyonga. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila tangu siku hiyo anatembea na fimbo.

Kaka yangu anaishi Arusha. Alipopata habari alikuja siku iliyofuata, na alikuja na uamuzi wake tayari.

"Mama, imetosha," alisema. "Twende nyumbani kwangu. Chumba kipo, choo kiko ndani, hukimbizani na ng'ombe wa mtu."

"Na asubuhi nikiamka nitaangalia nini? Ukuta wa jirani yako?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kaka akasema basi atamwekea uzio wa umeme, kama ule wa loji. Mama akamjibu kwamba mtu hujikuna anapofika, na yeye hafiki kwenye umeme wa kutishia ndama. Mwishowe kaka akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa nimejikalia kimya nakula mahindi ya kuchoma.

"Huyu si fundi? Ajenge uzio. Mimi nitarudi maharage ya msimu ujao yakivunwa. Nikisikia umekimbiza ng'ombe hata mara moja, mama, unapanda gari."

"Nimekubali," alisema mama, haraka mno, na wote wawili wakanigeukia.

Niliogopa, sifichi. Kila Jumapili nikitoka kanisani napanda kwa mama kula makande, na kugombana naye kidogo, na kurudi mjini nikiwa nimepona wiki nzima. Nyumba ya kaka ni nzuri, lakini mama akikaa pale bila shamba atakauka. Saruji haikauki, inakomaa. Mwanafunzi yeyote wa kiwanjani kwangu hulisikia hilo siku ya kwanza. Ukiinyima maji ikakauka kabla ya kukomaa, inabaki na umbo lake lakini ndani haina kitu. Hivyo ndivyo nilivyomwona mama akiwa Arusha.

Sharti la mteja lilikuwa moja: hataki seng'enge. Njia ile hupitwa na mzee mmoja Mmasai wa huko juu Ngorongoro, rafiki wa familia yetu. Zamani sana alimpa baba mtamba. Kwa Wamasai, watu waliopeana ng'ombe huacha kuitana majina, huitana Pakiteng, yaani yule tuliyepeana ng'ombe. Baba alipofariki, mama alirithi kuitwa hivyo. Utotoni mimi nilidhani ndilo jina alilobatizwa yule mzee. "Siwezi kumchania Pakiteng ngozi za ng'ombe wake," mama alisema. Kwa hiyo ukawa waya mnene usio na miiba, na waya usio na miiba humtisha ng'ombe pale tu ulipovutwa ukakaza kama uzi wa zeze. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, maana nguzo inayosimama ni rahisi. Nguzo inayoshika waya, huo ndio ufundi.

Nguzo za kwanza nilizitoboa matundu, nikijiona mjanja. Unapitisha waya kwenye matundu, kama kutunga shanga, umemaliza. Tulipojaribu kiwanjani, waya mmoja ulikatika tukiuvuta, na mstari mzima ukalegea, maana hakuna nguzo iliyoushika. Zote ziliupisha tu. Isitoshe, palipo na tundu ndipo nguzo ilipopasukia. Nikazitupa nyuma ya choo.

Za pili nilizichomekea vitanzi vya waya wakati saruji ingali mbichi, vichwa vikatokeza nje. Zilipendeza. Lakini kitanzi ukikikunja mara kadhaa kinakatika, na kikishakatika huna pa kufungia tena mpaka Yesu arudi. Hizo nazo zikaenda nyuma ya choo kuwasalimu wenzao. Kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza kama nafungua makaburi.

Ya tatu ilikuja kwa hasira. Nilikuwa jikoni kwa mama, namweleza kwamba ninachotaka ni pengo dogo kwenye uso wa nguzo, la mviringo ndani, waya ulale humo usishuke wala usipande, kisha nguzo nzima izungushiwe waya mwembamba wa kufungia na kukazwa kwa nyuma. Lakini kila kijiti nilichopigilia kwenye kalibu, lile boksi la mbao la kumiminia nguzo, kilikuwa na kona kali, na kona kali huipasua saruji. Nikiwa nalalamika, mkono wangu ulikuwa umeshika mwiko, ule ule uliokimbiza ng'ombe. Mpini wake ulikuwa umelainishwa na ugali wa miaka mingi. Niliutazama, mama akanitazama mimi.

"Usithubutu," alisema.

Nilithubutu. Niliukata mpini vipande, nikavipasua katikati, nikavipaka oili chafu na kuvipigilia ndani ya kalibu. Nguzo ya kwanza ilipotoka, mapengo yalikuwa laini kama ndani ya kikombe. Nondo ziko kwenye pembe, zimefunikwa vizuri zisiione mvua; chini pana, juu imepungua, ukingo wa kila pembe umekatwa usimegeke. Nikauweka waya kwenye pengo, nikaufunga, nikajining'iniza kwa uzito wangu wote, nao si haba. Haukusogea. Ukipapasa uso wa nguzo, waya huusikii kabisa, umezama. Nilicheza pale kiwanjani peke yangu. Mama nilimnunulia mwiko mpya, akasema haufai.

Nguzo zikafunikwa magunia, zikamwagiliwa mpaka zikakomaa. Siku ya kuzisimika mama aliita majirani, nao watu wa Ganako wakiitwa kazini hawaulizi kingine ila kama pombe imeiva. Ilikuwa imeiva. Tulichimba, tulishindilia, tulivuta kamba. Na hapa niseme tabia yangu moja: siwezi kuvumilia mstari uliopinda. Kwenye kona ya njia palikuwa na kisiki cha mti wa mloliondo kilichokuwapo kabla sijazaliwa, upande mmoja umeng'aa kama kimepigwa msasa. Kilikuwa kinaniharibia mstari. Nikaamuru king'olewe, wanaume wakakihangaikia hadi kikatoka, mama akakipeleka jikoni kuwa kuni. Jioni uzio ulikuwa umenyooka mpaka macho yakaona raha. Sikujiuliza hata kidogo kwa nini kisiki king'ae upande mmoja.

Mnada wa kwanza ulipopita, mama alinipigia simu. Nguzo za kona zimeinama.

Nikapanda. Waya wote ulikuwa umekaza, hakuna lililoliwa, lakini nguzo za pale penye kisiki zilikuwa zimeegemea shambani kama watu wanaosikiliza siri. Nikazinyoosha, nikashindilia upya kwa mawe. Mnada uliofuata zikainama tena. Nilikasirika mpaka masikio yakapata joto. Hii si mvua, nilisema, huu ni mkono wa mtu. Nikamshuku kila mchungaji wa kutoka Daa hadi Oloipiri, hata wale ambao ng'ombe wao hawajawahi kuiona Karatu. Siku ya mnada mwingine nilifunga kiwanja, nikajificha kwenye mahindi tangu asubuhi, nikiwa na maneno yangu yote nimeyapanga.

Ng'ombe wa mzee ndio waliotangulia. Yule wa kwanza, dume jekundu lenye nundu, alifika kwenye kona akasimama. Akaigeukia nguzo yangu, akaisogezea bega, akaanza kujikuna. Alijikuna bega, akajikuna shingo, akageuka akajikuna makalio, ulimi umemtoka nusu kwa utamu. Nyuma yake wenzake walipanga foleni. Sijawahi kuona foleni yenye adabu namna ile hata benki. Na kwa nini wasijikune? Uso wa nje ulikuwa na mkwaruzo mzuri wa mchanga, na waya nilikuwa nimeuzamisha kwa ustadi usimsumbue mtu. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwatengenezea ng'ombe kitu kizuri kama kile.

Nilitoka kwenye mahindi nikipiga kelele. Mzee akaja na fimbo yake, mama naye akaja na yake kutoka nyumbani.

"Takwenya, Pakiteng," mzee alimsalimu mama kwanza, bila haraka yoyote.

"Iko, Pakiteng."

"Kisiki yetu iko wapi?"

Mama alitazama pembeni. "Tulikipikia makande."

Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akanieleza, polepole kama anamweleza mgeni, kwamba kila njia ya ng'ombe ina mahali pake pa kujikuna. Huko juu ni jiwe. Hapa palikuwa kisiki, na ng'ombe wa baba yake walikijua, na hawa wa sasa walifundishwa na mama zao. "Ng'ombe akifika hapa mwili yake inakumbuka," alisema. "Wewe umeondoa, yeye bado anataka. Sasa afanye nini?"

"Kwa hiyo mnataka nini?" Nilikuwa bado napiga kelele. "Niwajengee na wao nguzo yao?"

Nilisema kwa kejeli. Lakini mzee alimtazama mama, mama akamtazama mzee, na wote wawili wakaonekana kuridhika kabisa.

"Ndiyo," alisema mzee.

"Na iwe nene," alisema mama.

Ndivyo nilivyomimina nguzo ya ajabu kuliko zote. Haina pengo hata moja. Ni nene kama pipa, nondo tele, na kabla haijakaza niliipiga brashi na maji pande zote mpaka kokoto zikachungulia. Tuliisimika pale pale palipokuwa na kisiki, nje ya uzio, na chini yake kuna zege la kutosha kubeba mnara wa simu. Mzee aliitemea mate kidogo, ambayo kwao ni baraka, na dume jekundu likaizindua. Kuanzia hapo uzio wangu haukuguswa tena. Ng'ombe walijikuna, wakashiba kujikuna, wakaenda zao mnadani.

Kaka alikuja wakati wa mavuno, na gari la mizigo alilokuwa ameliazima, tupu, na kamba za kufungia kitanda. Kuziona kamba zile kuliniuma. Mama alikuwa kwenye turubai anapura maharage kwa fimbo yake ya kutembelea, vumbi la maganda limemfunika mpaka kwenye kope.

"Umekimbiza ng'ombe?" kaka aliuliza baada ya shikamoo.

"Nimekimbiza kuku."

Akauzunguka uzio wote. Alisukuma kila nguzo, alivuta kila waya, aliinama kukagua mafundo yangu, na mimi nikimfuata nyuma kama mtahiniwa. Hakupata kosa. Alipofika kwenye kona uso wake ukachangamka.

"Hii je? Ulisahau waya?"

Nikamweleza. Hakuniamini, na haikuwa siku ya mnada, sikuwa na shahidi hata ndama mmoja. Tukamwacha mama na maharage yake, tukaingia ndani kunywa chai. Kaka alianza tena habari za chumba na choo cha ndani, sasa kwa upole, na upole wake ulinitia hofu kuliko ukali. Alisema uzio ni mzuri, hakatai, lakini mama ni mtu mzima na yuko peke yake, na uzio haumpi mtu maji ya kunywa akiugua. Nilisimama nimwongezee chai, nikachungulia mlangoni, nikamwita kaka kwa mkono.

Mama alikuwa ameliacha turubai. Vumbi la maharage linawasha, anayeyapura analijua. Alikuwa amechechemea mpaka njiani, ameiegesha fimbo yake kwenye uzio, ameipa mgongo nguzo ya ng'ombe, na alikuwa anajikuna. Alipanda na kushuka, akasogea kushoto, akasogea kulia, macho amefumba, uso ameuelekeza shambani kwake.

Mimi nilikuwa karibu kucheka. Kaka hakucheka. Alishika kikombe chake bila kunywa.

"Baba alikuwa anamkuna kwa gunzi," alisema. "Wakati wa kupura. Unakumbuka?"

Nilikumbuka.

Mama alirudi taratibu, nguo imejaa vumbi la saruji mgongoni, akatukuta tumesimama mlangoni kama watoto waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa.

"Mnaangalia nini?"

Kaka alikohoa. Akaziokota zile kamba garini, akazikunjua moja moja.

"Mama, nimekuja na gari," alisema. "Nipakie nini?"

Mama akamwonyesha magunia kwa fimbo.

"Maharage," alisema.