Mayai ya Cherehani

“Saba, mwanangu! Nilikuambia cherehani changu kilitaga mayai saba, mbona umechora matatu?”

Jirani yangu mchoraji hakugeuka. Akichora hageuki hata nyumba ikiungua. Husikiliza kwa kisogo, brashi moja mkononi, nyingine sikioni, na rangi zote huzifutia kwenye gauni lilelile, mpaka gauni limekuwa zuri kuliko picha. Akirudi nyuma kutazama kazi yake, huipiga ndoo teke, halafu huiomba radhi. Tangu ujana wake watu walitaka awachoree maua na sura zao, yeye akawachorea samaki wanaopanda ngazi. Wakamcheka. Mimi nikawa nampelekea uongo wangu, kila asubuhi mmoja, wa motomoto.

Leo mkuu wa jumba la maonyesho anakuja kuamua kama picha hii itatundikwa. Miaka thelathini jirani yangu ameingoja siku hii, nami siwezi kuaibishwa kwa hesabu mbovu.

“Mama, si unajua mwenyewe ni uongo?”

“Ni uongo, lakini una mpangilio!”

Akacheka mpaka brashi ikamdondoka sikioni. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya buluu, akaniinamisha kwenye pembe ya chini ya picha. Chini ya kitanda alichokichora, vyerehani vinne vidogo vyenye manyoya vilikuwa vinakunywa maji kwenye kisosi changu.

“Manne yameshaanguliwa, Mama.”

Nikafungua kinywa nimjibu. Mlango ukafunguka, mkuu akaingia, akainama palepale tulipoinama, akaanza kuhesabu kwa kidole.