Ijumaa za Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Wiki iliyopita nilipita Fereej Bin Mahmoud, mtaa niliokulia huku Uarabuni, nikimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno, nikakuta jengo letu la zamani limebomolewa. Nilisimamisha gari. Pale palipokuwa na dirisha la ghorofa ya tatu palikuwa na mbingu tu.

Mama alikuwa muuguzi kutoka Mombasa, baba dereva. Juu yetu aliishi mjane kutoka Kerala, kule India, aliyekuja kukaa na mwanawe. Watoto tulimwita Bibi. Alikuwa amehifadhi Kurani nzima tangu usichana wake. Kila Ijumaa, wanawake wa jengo walipanda kwake kuswali magharibi: wauguzi, wafanyakazi wa majumbani, mama zetu. Kazi yangu ilikuwa kutandika mikeka na kupandisha thamosi ya chai ya iliki. Bibi hakusimama mbele kama maimamu wa misikitini; alisimama katikati ya safu, bega kwa bega na wenzake, akasoma kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mama, miguu imevimba kwa zamu, alikuwa akilia pale bila kuona haya.

Siku moja mwalimu wetu wa madrasa aliniinua, mimi msichana, mbele ya wavulana.

"Nasikia kwenu mwanamke anaswalisha. Sauti yake hufika ngazini, wanaume wakaisikia?"

Haikufika kamwe. Lakini mwalimu hakuwahi kuniuliza kitu mbele ya darasa, nami nilitamani anisifu.

"Ndiyo, mwalimu. Hufika hadi chini."

"Mtoto mkweli," akasema.

Mwalimu alizungumza na akina baba. Baba akamkataza mama kupanda, na mwana wa Bibi akamsihi mama yake aache, maneno yasienee. Nilipokutana na Bibi ngazini alinishika kidevu, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kama nimekula. Nikakimbia. Baada ya miezi michache alirudi kwao, na huko akafariki.

Ukubwani nilisoma, nikajua wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wanaruhusu alichokuwa akifanya Bibi, mwanamke kuwaswalisha wanawake wenzake. Mwaka jana ndipo nikamweleza mama ule uongo wangu.

"Nilijua," akasema. "Hata Bibi alijua. Alinikataza nisikuchape. Alisema mtoto akiulizwa na mtu mzima, hujibu kile mkubwa huyo anachotaka kusikia."

Nilimwomba mama aniswalishe jioni ile, sisi wawili tu. Alitikisa kichwa, akachukua msala wake.

"Nimeshazoea peke yangu," akasema, akafunga mlango wa chumba.