Mbwa Wangu na Fundi Cherehani

Nikiwa kijana nilichuma majani chai Kangari, upande wa Murang'a, na pale kambini tulikuwa tunapikiwa githeri na mama mmoja mwenye mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nasema mrefu, lakini labda ulikuwa wa kawaida, ni mimi niliyekuwa na njaa. Kwenye foleni, mbele yangu kila siku alisimama kijana mmoja wa Gakindu, na mimi nikawa naona sahani yake ina maharagwe na yangu mahindi matupu. Siku moja nikamwambia tubadilishane. Akakubali, akacheka. Nikaichambua ile sahani yake punje kwa punje. Ilikuwa sawa na yangu. Unafikiri nilitulia? Nilimchukia zaidi, kwa vile alikubali haraka namna ile.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya githeri. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo nikishika kalamu inaenda inakotaka yenyewe. Huyo kijana baadaye tulipatana, akanionyesha soko la kwao, na mpaka leo ndizi zangu nanunua Gakindu ingawa hapa Nyeri ninapokaa ndizi zimejaa. Mke wangu anasema ni kiburi. Basi ni huko huko Gakindu, mwaka jana, nilikuta mama mmoja anauza maparachichi, na ndani ya kikapu, katikati ya maparachichi, kuna watoto wa mbwa watatu. Mmoja akaninyonya kidole. Nilikuwa nimeibiwa kuku mara mbili mwezi huo. Nikamtia ndani ya koti, nikasahau ndizi.

Nilimpa jina la mtu fulani ninayemfahamu, ndiyo maana sitaliandika hapa.

Wiki mbili za kwanza alinipenda, na sioni haya kusema hivyo. Alikuwa anafungua kamba za viatu vyangu nikiwa nimevivaa. Nikienda choo ananingoja mlangoni. Alilala ndani ya kofia yangu mpaka ikanuka, na kanisani watu wakawa wananisogelea kidogo kisha wanaenda mbali. Watoto wangu wanne niliwalea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuningoja mlango wa choo.

Sasa huku kwetu, mbwa wa kulinda hafugwi kwa kubembelezwa. Unamfungia sandukuni mchana kutwa, asizoee watu, jioni unamfungua akiwa na hasira zake. Baba yangu alifanya hivyo na baba yake alifanya hivyo. Nikampigilia sanduku la mbao, nikaliweka karibu na ua wa mpaka, nikamfungia, nikaendelea na kazi zangu.

Kabla hata wiki haijaisha akabadilika. Nikifungua mlango jioni anajikunja kwenye kona. Chakula changu anakinusa, anageuza uso. Akisikia tu hatua zangu anajikojolea. Mimi nikajua amelishwa sumu. Au minyoo. Nilimbeba mpaka duka la dawa za mifugo, dada anayeuza pale akamtazama macho, akamtazama meno, akamshika tumbo.

"Mzee, huyu ni mzima."

"Mzima na anakojoa akiniona?"

"Labda anakuogopa."

"Mimi? Mimi ndiye nampa chakula!"

Akanipa dawa ya minyoo, nafikiri ili nitoke. Nyumbani mke wangu akasema, "Baba watoto, hata mimi ukinifungia sandukuni nitakukojolea viatu." Nikamwambia yeye hajui mambo ya mbwa.

Siku moja mkutano wa wazee wa kanisa uliahirishwa, nikarudi saa nne asubuhi. Nikiwa bado langoni nikasikia kitu kinagonga mbao, du du du. Nikadhani ni fundi anapigilia misumari. Kumbe ni mkia. Mkia wa mbwa wangu, ndani ya sanduku, kwa furaha.

Ng'ambo ya ua alikuwa amepanga chumba fundi cherehani, Mwislamu wa hapa hapa mjini, mtu mpole mwenye kofia nyeupe na futi shingoni. Alikuwa ameiweka cherehani yake nje kwenye jua, anashona sare za shule huku anaongea.

"Leo tuna sketi kumi na mbili, bwana mkubwa. Mama wa huyu mtoto anataka pindo refu, mtoto anataka fupi. Tufanyeje sisi?"

Du du du.

Niliacha lango wazi. Nikatokea kwenye ua.

"Fundi! Wewe umempa mbwa wangu nini?"

"Shikamoo mzee. Sijampa kitu."

"Basi mbona anakupenda?"

"Nampa salamu tu. Mzee, ukiondoka huyu analia kutwa nzima. Akisikia cherehani ananyamaza. Ndipo nikaanza kumwambia maneno mawili matatu."

"Na kumshika, unamshikia wapi?"

"Simgusi. Mimi ni mtu wa kuswali, mate ya mbwa siwezi. Siku moja alinilamba kidole kwenye mwanya wa mbao, nikanawa mara saba, na moja kwa udongo."

Hapo ndipo palipouma. Angekuwa anamrushia nyama ningeelewa, hata mimi nina nyama. Lakini hamgusi! Mtu anapendwa na hata hamgusi!

Nikaanza kushindana. Nilinunua mifupa ya supu, akaiacha ikajaa siafu. Nikaamka asubuhi nikachuchumaa mbele ya sanduku, nikamwambia kwa sauti ya yule fundi, "Umeamkaje bwana mkubwa?" Akakojoa. Ningemfungulia sanduku mchana, lakini niliona nikimfungulia atavuka ua aende kwake, basi nikaongeza komeo.

Kisha fundi akapata chumba cha duka Kiganjo, akahama na cherehani yake. Nilifurahi kiasi kwamba nilimsaidia kubeba kiti. Jioni ile ile nikang'oa mlango wa sanduku kabisa. Mbwa akatoka polepole, akaenda akakaa kwenye ua, mahali sauti ya cherehani ilikuwa inatokea. Akakaa siku tatu bila kula, anakunywa maji tu.

Nitasema na hili. Shemeji yangu ana cherehani ya zamani isiyo na sindano. Nikaiazima. Nikaikalisha nyuma ya nyumba, mimi mzee mzima mwenye wajukuu, nikaanza kukanyaga, tara-tara-tara, bila kitambaa. Mbwa akainua masikio. Akazunguka nyumba mbio, akafika kona, akaona ni mimi. Alisimama hivi, mguu mmoja juu. Akarudi kwenye ua.

Mke wangu alikuwa dirishani. Hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Siku ya nne fundi akaja na pikapu kuchukua meza yake iliyobaki. Mbwa alipita chini ya lango kabla sijainuka, na fundi na dereva walipomaliza kupakia wakamkuta ndani ya pikapu, chini ya meza.

"Mzee, njoo mtoe," fundi akasema.

"Atashuka mwenyewe."

Fundi akamwita ashuke, akampigia makofi, akamkemea hata. Hakushuka. Mimi sikumwita, nilijua nikimwita mbele ya dereva asiposhuka itakuwa aibu.

"Nenda naye," nikasema. "Nitakuja Jumamosi kumchukua."

Jumamosi nikaenda Kiganjo na kamba mpya mfukoni na mfupa ndani ya gazeti. Niliwaona kabla hawajaniona. Fundi alikuwa anashona. Nje ya kizingiti palitandikwa gunia, na mbwa wangu alikuwa juu yake, amenenepa, anavuta kamba ya kiatu cha mama mmoja aliyeleta sketi. Yule mama anacheka, anasema, "Wee, niachie, nitaanguka!" Kamba za viatu. Hizo zilikuwa zangu.

Nikakohoa. Akaachia kamba. Akalala chini, masikio yamelala, na gunia likalowa.

"Karibu mzee," fundi akasema, akaondoa mguu kwenye cherehani. "Ni wako, mchukue. Lakini mwambie neno kwanza. Taratibu."

Nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo tangu lile sanduku. Lakini mama wa sketi alikuwa ananitazama, na fundi pia.

"Umekula?" nikamwuliza mbwa.

Akajibana ukutani.

Nikaweka mfupa chini, mbali kidogo ili asiogope. Fundi akasema, "Mzee, kaa basi, chai inakuja." Nikamwambia nimeacha ng'ombe bila majani. Sina ng'ombe. Nikageuka, nikafuata barabara bila kuangalia nyuma, na Kiganjo sijarudi.