Mkono wa Kuazima

Bibi wa samaki wa Kamunyonge huopoa sato kwenye karai kwa vidole, mafuta yakichemka, na wala hashtuki. Lakini chupa ya mjukuu wake haiweki motoni. Huepua sufuria ya maji, akaisimamisha chupa humo, akaitikisa polepole kama anayeibembeleza, kisha akaita mteja aliye karibu: "Hebu niazime mkono, mwanangu."

Leo ni zamu ya Ursula, aliyefuata kitoweo cha mchana. Tone la maziwa likamdondokea pale anapovaa saa.

"Vipi?"

"Bado ya moto, bibi."

Bibi akangoja, akadondosha tena.

"Hapo sawa, vuguvugu. Ila si ungepima mwenyewe?"

"Mkono wangu umezoea moto, mama. Siku hizi unadanganyaga."

Ursula akacheka. Mtoto akanyonya mpaka chupa ikabaki upepo. Bibi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha hapo, akakiondoa.

"Mguse na wewe, uone kama ana homa," akasema taratibu. "Mimi kila nikimgusa naonaga yuko sawa tu."