Mtaalamu Alitaka Ninywe Kutoka Mkono Ule

Nilitapika divai ya Meza ya Bwana mbele ya kanisa zima.

Mara ya kwanza watu walisema ni malaria. Ilipojirudia wakasema mimba. Baadaye wakaacha kusema, wakawa hawakai benchi langu.

Naitwa Lydia. Naishi Same mjini na mama mdogo wangu, Jesca. Tunauza tangawizi na ndizi karibu na stendi. Shule niliishia darasa la tano.

Kuongea mbele za watu siwezi. Hata mteja akiuliza bei, namwachia mama mdogo ajibu. Ndiyo maana haya nayaandika.

"Huyo ana pepo," walisema wamama wa kwaya. "Pepo halikai tumbo moja na damu ya Yesu."

Mama mdogo akaogopa. Akanipeleka kwa Benson.

Benson alikuwa mchungaji kijana, ameletwa kanisani kwetu kwa mazoezi ya masomo yake. Alikuwa anasomea udaktari, lakini si ule wa sindano. Ni wa akili na mioyo ya watu, halafu umeunganishwa na teolojia.

"Inaitwa saikolojia tiba," alituambia. "Wengine wanaombea tu. Wengine wanapima tu. Sisi tunafundishwa kushika vyote viwili."

Wamama walimpenda. Shati limenyooka, sauti kama ya redio.

Alinikalisha kwenye ofisi nyuma ya kanisa, mlango akauacha wazi kidogo. Hakukemea pepo. Aliuliza tu, "Lydia, kabla hujatapika huwa unaona nini? Unasikia harufu gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Siku ile sikujibu. Niliporudi tena sikujibu. Hakunisukuma. Nikaanza kumwamini.

Mwishowe nikamwambia, huku naangalia sakafu.

Kanisani kwetu mchungaji anagawa mkate, mzee wa kanisa anafuata na kikombe. Upande wa wanawake anayeshika kikombe ni Mzee Reginald. Mkono wake unanuka dawa ya kuchua, anajipaka kwa ajili ya viungo.

Kabla sijaanza kuuza tangawizi, nilikuwa dada wa kazi nyumbani kwake. Mkewe alipokwenda Gonja kumuuguza mama yake, mkono ule ndio alioniziba nao mdomo.

Mengine sitayaandika. Mnaelewa.

"Na sasa hivi kuna msichana mwingine pale," nilimwambia Benson. "Anaitwa Blessing, ametoka Kifaru. Mimi yangu yamepita. Naomba yeye atolewe."

Benson alivua miwani, macho yamekuwa mekundu.

"Huna pepo," akasema. "Mwili wako unakumbuka. Hili tutalishughulikia."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nikamwambia mama mdogo apumzike, leo makande napika mimi.

Kikao kilichofuata nilimkuta Benson amechangamka kupita kiasi.

"Nimeongea na Mzee Reginald," akasema.

"Umemwambia?"

"Kwa hekima. Amelia sana. Amekubali kukusamehe."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Anisamehe mimi?"

"Kwa uchungu uliombebea moyoni. Na wewe utamsamehe. Sikiliza, Lydia. Saikolojia inasema hofu inapona mtu akiikabili. Neno linasema tusameheane. Vyote viwili vinakutana kwenye kikombe. Jumapili utapiga magoti, utavuta pumzi kama nilivyokufundisha, utakunywa kutoka mkononi mwake. Ukimeza bila kutapika, umepona."

"Na Blessing?"

"Tusichanganye mambo. Tiba hii ni yako." Akatabasamu. "Utafiti wangu ni juu ya msamaha, na mwalimu wangu wa chuo atakuwepo. Wewe ni mfano mzuri sana. Jina sitalitaja."

Mfano.

Mate yalinijaa mdomoni. Nikatoka nje nikatema.

Jioni mama mdogo alinisikiliza amekaa juu ya gunia, kisu cha ndizi mkononi.

"Yaani huyo ndiyo kasoma mpaka huko juu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Aisee. Na utakunywa?"

"Sijui."

"Mimi nitakwenda kumtoa huyo mtoto wa watu. Jumapili wote wakiwa ibadani, yeye yuko peke yake anapika. Wewe kazi yako, Mzee na mkewe wasitoke mapema."

Jumapili ikafika. Upepo wa Same ulikuwa unarusha vumbi mpaka madirishani. Benson alikaa mbele na mgeni mwenye suti, wananong'onezana.

Nilipiga magoti. Kushoto kwangu alipiga magoti Mama Joshua, mke wa Mzee Reginald.

Mkate nikapokea. Kikombe kikaja. Ile harufu ikatangulia.

"Damu ya Yesu, iliyomwagika kwa ajili yako," akasema Mzee Reginald. Halafu akainama, akaongeza kwa sauti ya chini, "Kunywa, mwanangu, yaishe."

Yaishe.

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nilipokiondoa, yalitoka maneno badala ya matapishi.

"Sipokei kwenye mkono huu. Huu ndio ulioniziba mdomo nyumbani kwako."

Kwaya ilikatika katikati ya wimbo.

Mzee Reginald akacheka kidogo. "Mnaona? Pepo linaongea."

"Si pepo," alisema Mama Joshua. Naye alikuwa ameziba mdomo. "Na mimi sipokei. Huyu binti anasema kweli."

Divai ilimwagika kwenye kitambaa cheupe. Nikainuka, nikatoka.

Mama Joshua alinifuata mpaka nje, analia, anataka kunikumbatia.

"Mwanangu, nilijua," akasema. "Unadhani kwa nini nilikurudisha kwenu ghafla vile? Nilikuwa nakuokoa."

"Halafu ukamleta Blessing."

Akajifuta kwa kanga.

"Ile nyumba ni kubwa, Lydia. Kazi angenisaidia nani?"

Nimesafisha vyoo vya stendi kwa mikono yangu. Sijawahi kukutana na kitu kilichonichefua kama jibu lile.

Benson naye akafika, anahema. "Lydia, umevunja utaratibu wa tiba. Mwalimu wangu ameona kila kitu. Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika kwamba ulimwambia Mzee Reginald siri yangu," nikamjibu.

Mama mdogo nilimkuta polisi, dawati la jinsia, kama tulivyokubaliana. Blessing alikuwa ubavuni mwake na mfuko wa nguo zake. Alikuwa hajasema neno, na hakuna aliyemharakisha. Nikakaa upande wake wa pili, nikaanza kusimulia mimi kwanza, ili asikie kwamba inawezekana.

Ndugu yangu unayesoma, uwe umesomea Biblia, akili za watu, au vyote viwili: mtu akikuambia kinachomchefua, usimfundishe kukimeza. Muulize ni nani mwingine yuko kwenye ile nyumba. Halafu nenda kamtoe.